Grupu la wapanda milima linapogeuka uwanja wa mabishano

Wanaochoka mapema na kelele za kwenye grupu ni wale wanaojua mambo. Nimeliona hili nikiwa mmoja wa maadmini wa grupu la WhatsApp la watu wanaopenda kupanda milima huku Nyanda za Juu Kusini. Tupo watu wa Mbeya mjini, Tukuyu, Njombe na Iringa, na wachache walioko Dar ambao wakija likizo hutaka kufika Rungwe au Kitulo. Grupu lipo kwa ajili ya njia, mvua, viatu, mahema na waongozaji. Lakini Simba na Yanga wakikaribia kukutana, au kampeni zikianza, huwezi kuamini kama ni watu wale wale.

Wengi hudhani ubaya wa mabishano hayo ni matusi tu. Matusi ni mabaya kweli, ila ipo hasara nyingine ambayo haipigiwi kelele. Mwezi wa tatu mtu anauliza: "Jamani, njia ya Ngosi ikoje? Kesho napeleka wageni." Hilo ni swali zito. Mvua za huku huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na ile njia ya msituni inayopanda hadi ukingo wa kreta ya Ngosi, shimo la volkano lenye ziwa ndani yake, ikilowa huteleza vibaya. Anayelijua jibu ni mama anayeishi jirani na msitu. Anaacha kazi zake, anaandika vizuri: wavae nini, washike wapi, wageuze saa ngapi ukungu usiwakute juu. Dakika hiyo hiyo watu wanabishania penalti, na jibu lake linafukiwa na stika na voisi. Mwenye swali halioni. Wiki ijayo linaulizwa lile lile, mama anajibu tena, linafukiwa tena. Baadaye anasoma tu bila kuandika kitu. Halafu analefti.

Na wenzake hawatajua ameondoka. Tangu 2022 WhatsApp haitangazii grupu zima mtu anapotoka. Wanaojulishwa ni maadmini pekee. Ila ukifungua taarifa za grupu utakuta orodha ya waliotoka ndani ya siku 60. Kama wewe ni admini, isome. Mimi naiamini orodha hiyo kuliko wingi wa meseji, kwa sababu grupu linaweza kuchangamka usiku na mchana huku wale waliolijenga wameshaondoka.

Kuna jambo la utani ambalo nalo linatusumbua sana. Sisi tumelelewa ndani yake. Wahehe na Wangoni walipigana vita katika karne ya 19, na leo ni watani. Mngoni anaweza kumwambia Mhehe neno ambalo likisemwa na mtu mwingine patachimbika. Uso kwa uso mambo hayo yanakwenda vizuri, maana unaona mwenzako anacheka, na akikunja uso unaacha. Kwenye simu huoni uso wa mtu. Tena anayesoma anaweza kuwa mgeni aliyehamia Mbeya juzi, hana mtani hata mmoja humu. Kwa hiyo mtu akisema "nilikuwa natania", mimi simuulizi yeye zaidi. Namuuliza aliyetaniwa. Akisema ni mtani wake, yamekwisha. Akisema hapana, basi lile lilikuwa tusi na linafutwa.

Usijaribu kupiga marufuku mpira na siasa. Watu hawa wana maisha nje ya milima, na mtu anayeambiwa anyamaze hubeba hasira yake hadi kwenye mada ya viatu. Tulichofanya sisi ni kufungua grupu la pili, tukaliita Kijiweni. Penalti, uchaguzi, bei ya viazi, yote huko. Lakini Kijiweni pia pawe na admini anayepapenda, la sivyo patageuka jalala, na ugomvi wa huko utarudi kwenye grupu kuu ukiwa mkubwa zaidi.

Onyo litolewe inboksi. Mtu mzima akikaripiwa mbele za watu atajitetea mbele za watu, na ndugu zake watamsaidia. Mtafute pembeni: "Shikamoo mzee, naomba tuuhamishie mjadala huu Kijiweni, kuna watu wanauliza njia." Wengi hukubali hapo hapo, na wengine hushukuru. Kwa wabishi, piga simu, kwa sababu sauti ya mtu hupunguza ukali kuliko maandishi. Matusi ya dini au kabila, futa kwanza (admini anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote kwa wote), kisha ndiyo upige. Wakumbushe pia kwamba tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo inagusa unyanyasaji na taarifa za uongo, na uvumi uliofowadiwa kwenye grupu la milima ni uvumi kama mwingine.

Kulifunga grupu ili maadmini tu waandike ni dawa ya usiku mmoja. Likifungwa siku nyingi, watu huanzisha lao, na wenye maswali hubaki bila pa kuuliza.

Kinachosaidia kuliko vyote ni kupanda pamoja. Kilele cha Loleza kipo hapo juu ya jiji la Mbeya, mita 2,656, unakwenda na kurudi siku moja. Waalike hasa wale wawili wanaorushiana maneno. Mtu aliyekugawia maji kwenye mteremko ni vigumu kumwita mpumbavu Jumatatu.

Na yule aliyelefti, mpigie wewe admini, usimtume mtu. Usimwombe arudi siku hiyo. Msalimie, muulize habari za nyumbani, kisha mwulize ni jibu lake lipi lilipotea. Litafute, liandike upya kwa jina lake kama ataruhusu, na ulibandike juu ya grupu, mahali ambapo kila anayeulizia Ngosi ataliona kwanza.