Dogo, futa hiyo "I doubt" kabla ya Jumatatu

Dogo simama hapo hapo. Umeuliza tofauti ya doubt, suspect, sceptical na incredulous, na lipi lina uzito zaidi la kuweka kwenye barua ya kazi, halafu ukabandika ripoti yako ya mazoezi ya ile intavyuu ya kampuni ya utalii Arusha. Nimefika mstari wa tatu nikaweka kikombe chini. "I doubt the cook stole the phone." Wewe ulitaka kusema unamshuku mpishi kaiba simu, si ndiyo? Umeandika kinyume. Umemsafisha mpishi. Mzungu akisoma hapo anaelewa wewe HUAMINI kama mpishi kaiba.

Na hao wanaokujibu "zote ni shaka tu mkuu, hazina tofauti" wanakuponza, wallahi. Mimi niliaminishwa hivyo hivyo, na kuna mtu nusura abaki mlimani.

2016 nilikuwa asisti, yaani muongozaji msaidizi Kilimanjaro, tuko njia ya Machame na wageni sita wa kutoka London. Kuna ndugu wawili, mkubwa na mdogo. Mdogo alianza kukohoa kambi ya Karanga, tukafika kambi ya Barafu, mita 4,673, jamaa kakaa tu kwenye kiti anahema kama katoka kupandisha mlima mbio. Mtu anayehema akiwa amekaa siyo uchovu huo, kila aliyepanda anajua. Nikamwekea oksimita kidoleni, kile kipimo cha oksijeni ya damu, inasoma asilimia 62, chini mno. Kaka yake akanifuata nje ya hema la chakula akaniuliza kama nadhani ni mapafu. Mkuu wa msafara yuko kwa mgeni mwingine anayetapika, kwa hiyo jibu ni langu. Na mimi nilitaka anielewe vizuri, nikatafuta neno la kukazia, nikamwambia nikimkazia macho kabisa: "I seriously doubt it is the lungs."

Akashusha pumzi. Akanipiga piga begani akasema asante. Nikajua basi, kaelewa, mdogo wake halali hapa, anashushwa jioni hii hii.

Saa sita usiku mimi nikatangulia na wageni watatu. Mkuu wa msafara alipomuuliza yule kaka hali ya mgonjwa, akajibiwa asisti kapima na kasema mapafu hayana shida, ni kikohozi cha vumbi. Naye hakuwa na jinsi ya kuniuliza, mimi nishapotea gizani na taa yangu kichwani. Wakampandisha. Saa tisa redio inaniita, jamaa kadondoka kwenye mita elfu tano na kitu, mdomoni povu la rangi ya waridi, yaani mapafu yamejaa maji. Dogo, sitaki ulione hilo povu maishani mwako. Wagumu sita, wale wapagazi wetu, wakamshusha usiku ule kwa njia ya Mweka, machela ya tairi moja, miamba, baridi, oksijeni inaisha. Wale vijana ndio waliomwokoa, majina yao hayakuandikwa popote. Alilazwa Moshi siku kadhaa, akapona, Mungu mkubwa.

Wiki mbili baadaye naitwa ofisini. Kuna barua kutoka kwa yule kaka, bosi anaisoma kwa sauti: muongozaji wenu alituambia "he seriously doubted it was the lungs". Na mimi nikaruka, "Si unaona bosi! Niliwaambia!" Nilidhani barua inanitetea. Ofisi nzima kimya. Yule dada wa mapokezi ndiye alinivuta pembeni akanieleza taratibu kwamba kwa Kiingereza nilichokisema ni "siamini hata kidogo kama ni mapafu", na hilo seriously nililoongeza ndilo lililoua kabisa. Nikaachishwa kazi siku hiyo, misimu miwili sikupanda mlima, nilikuwa nauza mitumba Mbuyuni na ada ya mtoto inanisubiri.

Nina hasira mpaka leo na yule mwalimu wa kozi yetu ya Kiingereza cha waongozaji. Laki moja na nusu tulimlipa kila mmoja, akatugawia karatasi ya fotokopi, "doubt: kushuku, kuwa na shaka. Suspect: kushuku, kuwa na shaka." Basi! Mtu anafundisha watu wanaokwenda kushika roho za watu mita elfu tano anakupa maneno mawili yanayokwenda pande tofauti kwa tafsiri moja. Mana Kiswahili chetu "nina shaka na mapafu yake" ni kwamba mapafu yana kitu, na "nina shaka kama atafika" ni kwamba hafiki. Shaka letu linaangalia huku na kule, sisi tunaelewana kwa hiyo "na" na hiyo "kama" na sura ya msemaji. Doubt ya Kiingereza cha leo inaangalia upande mmoja tu: HAPANA. Suspect inaangalia upande wa NDIYO, na mara nyingi ni ndiyo ya jambo baya.

Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo jiulize, moyo wangu unasema lipo au halipo? Ukisema LIPO, doubt isitoke kabisa. Sema I suspect, au sema I think, hakuna atakayekucheka kwa I think. Na ukisikia mgeni kasema "I don't doubt it" usishtuke, huyo anaamini.

Sasa atatokea mjuaji aseme mbona Waskoti wanasema. Ni kweli, 2019 pale kambi ya Horombo mzee mmoja wa Glasgow aliniambia kwao ukisema "I doubt it'll rain" chukua mwavuli, mvua inakuja. Na Shakespeare kwenye Hamlet ana "I doubt some foul play", yaani anashuku. Sawa, lakini wale ndugu wawili walitoka London na mwaka ulikuwa 2016, na Jumatatu huhojiwi na Shakespeare.

Incredulous ni mtu aliyebaki haamini alichosikia, chenyewe kisichoaminika ni incredible, usivichanganye. Sceptical ni mtu anayetaka ushahidi kwanza. Ila hayo hata ukikosea hakuna atakayebebwa na machela.

Mstari wa tatu uandike "I suspect the cook took the phone", au bora zaidi andika ulichokiona, simu ilikutwa wapi na nani alikuwepo. Na mstari wa tisa umeandika "I doubt the client had malaria". Hapo nimesoma mara nne sijajua mgeni wako alikuwa nayo au hakuwa nayo. Nijibu hilo kwanza, niko hapa mpaka saa nne usiku.