Kipakuzi cha Video Kinapogoma: Kwa Mnaoanza Kazi ya Kukusanya Masomo

Wenzangu mnaoanza kazi ya kukusanya masomo ya video kwa ajili ya shule zisizokuwa na intaneti, kuna siku mtaandika amri ileile iliyofanya kazi jana, na kipakuzi kitakataa. Mara nyingi jambo hilo hutokea gari la kupeleka diski likiwa limekwisha kupangiwa safari. Nawaandikia ili siku hiyo msipoteze muda kama nilivyoupoteza mimi.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na masomo 14 ya baiolojia, yote tukiwa na idhini ya kuyasambaza, na yalitakiwa kufika shuleni Jumatatu. Ijumaa mchana yt-dlp, ambayo ndiyo programu yetu ya kupakua video, ikaniandikia "HTTP Error 403: Forbidden" kwa kila kiungo nilichoipa. Sikuusoma ujumbe ule. Niliona maandishi mekundu tu nikaanza kuhangaika. Niliifuta programu na kuisakinisha upya, nikazima ruta na kuiwasha, nikanunua bando la laini nyingine nikidhani mtandao ndio wenye kasoro, kisha nikaifuta programu mara ya pili. Jumamosi jioni mwenzangu mzoefu alipita mezani kwangu akauliza swali moja: "Hilo ni toleo gani?" Tukaandika yt-dlp --version, na skrini ikajibu: 2022.04.08.

Namba ile ni tarehe. Programu hii hutaja matoleo yake kwa mwaka, mwezi na siku, na langu lilikuwa limepitwa na wakati kwa zaidi ya mwaka mzima, kwa sababu nilikuwa nimelichukua kutoka hazina ya programu ya mfumo wa kompyuta, ambako vifurushi vingi hubaki vilevile kwa miaka. Kila nilipoifuta na kuirudisha, nilikuwa nikirudisha ileile kuukuu. Tulipochukua toleo jipya kutoka kwa waundaji wenyewe, masomo yote 14 yalishuka usiku uleule.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kabla ya kugusa chochote msome tarehe ya toleo. Kipakuzi hakina mapatano yoyote na tovuti. Hufungua ukurasa kama kivinjari kinavyofanya, husoma msimbo wa kichezeshi cha video, kisha hutafuta humo anwani halisi ya faili. Tovuti ikibadilisha msimbo wake usiku, asubuhi kipakuzi kinatafuta kitu mahali ambapo hakipo tena, hata kama kompyuta yako haikuguswa na mtu. Amri ya yt-dlp -U huisasisha programu ikiwa mliichukua kama faili kutoka kwa waundaji. Mkiwa mliisakinisha kwa njia nyingine, ni lazima muisasishe kwa njia hiyohiyo. Mkikutana na mwongozo wa zamani unaotaja youtube-dl, jueni kwamba hiyo ndiyo programu mama iliyoanza mwaka 2006, na yt-dlp ni tawi lake ambalo husasishwa mara nyingi zaidi. Jambo jingine ambalo miongozo mingi haijalitaja ni kwamba tangu Novemba 2025 yt-dlp inahitaji programu ya kando ya kuendesha JavaScript, lugha ya msimbo wa kurasa za tovuti, na inayopendekezwa ni Deno, ili ifanye kazi kikamilifu na YouTube. Mtu anaweza kuwa na toleo jipya kabisa akakosa hiyo, kisha akashangaa kuona baadhi ya viwango vya ubora havionekani.

Toleo likiwa jipya na tatizo likabaki, tafuteni kwanza ni upande gani wenye kosa. Fungueni video hiyo katika kivinjari, kwa kompyuta ileile na mtandao uleule. Isipocheza hata huko, huenda imefutwa, imefanywa ya faragha, au hairuhusiwi kuonekana katika nchi yenu, na kipakuzi hakina kosa. Ikicheza, jaribuni video nyingine ya tovuti hiyohiyo, kisha video fupi ya tovuti tofauti. Iwapo tovuti moja tu ndiyo inayogoma, shaka iwe kwenye sehemu ya programu inayoshughulikia tovuti hiyo. Iwapo zote zinagoma, angalieni mtandao, na msisahau saa ya kompyuta. Nimewahi kukuta kompyuta ya shule ambayo betri yake ndogo ilikuwa imekufa na saa imerudi nyuma miaka kadhaa, na kwa sababu hiyo kila cheti cha usalama cha tovuti kilikataliwa.

Namba za makosa nazo zina maana. 404 inasema kitu hakipo. 403 inasema seva imekusikia ila imekataa, na ikitokea katikati ya kupakua, mara nyingi ni kwa sababu anwani ya faili imekwisha muda wake, au mmehama kutoka ruta kwenda mtandao wa simu wakati anwani ile ilitolewa kwa ajili ya muunganisho wa awali. Rudieni amri, na programu itaomba anwani mpya na kuendelea ilipoishia. 429 inasema mmeomba mara nyingi mno kwa muda mfupi. Hapo acheni kabisa kwa saa kadhaa, na mkirudi tumieni --sleep-interval ili programu ipumzike kati ya video na video. Kumbukeni pia kwamba kwenye data ya simu wateja wengi huweza kutumia anwani moja ya intaneti kwa pamoja, hivyo mnaweza kuzuiwa kwa sababu ya wingi wa maombi ya watu msiowajua.

Malalamiko mengine ninayoyapokea sana ni ya video yenye picha bila sauti. Hapo kipakuzi hakijaharibika. Tovuti kubwa huhifadhi picha na sauti katika faili mbili tofauti, hasa kwa ubora wa 1080p na zaidi, na kazi ya kuziunganisha hufanywa na programu nyingine iitwayo FFmpeg. Isiposakinishwa, mnaweza kubaki na faili mbili, au mkapewa faili moja ya ubora wa chini. Amri ya yt-dlp -F ikifuatiwa na kiungo huorodhesha vyote vilivyopo, na pale palipoandikwa "video only" mtaelewa mara moja. Faili kubwa ikikataa kuingia kwenye flashi yenye nafasi tele, tazameni mfumo wa kupanga faili wa flashi hiyo: ule uitwao FAT32 haupokei faili moja inayofikia GB 4.

Zile tovuti za kubandika kiungo na kubonyeza kitufe msizifanye tegemeo la kazi yetu. Hufungwa bila taarifa, na nyingi zimejaa vitufe vya uongo. Mkiahidiwa video mkapewa faili inayoishia na .exe au .apk, ifuteni bila kuifungua. Na video iliyofungwa kwa DRM, yaani kufuli la kidijitali la kuzuia kunakili, ambayo yt-dlp yenyewe huikataa, msiitafutie njia ya pembeni. Mwandikieni mwenye nayo mkaombe idhini na nakala. Nimefanya hivyo na nimejibiwa vizuri kuliko nilivyotarajia.

Mkishindwa baada ya hayo yote, ombeni msaada, lakini msitume picha ya skrini iliyopigwa kwa simu. Endesheni amri ileile mkiongeza -v, mnakili maandishi yote tangu mstari wa kwanza, kwa kuwa humo mna toleo, mfumo wa kompyuta na uwepo wa FFmpeg, mambo matatu ambayo kila msaidizi atayauliza. Ondoeni majina ya watu na nywila kabla ya kutuma. Faili ya vidakuzi (cookies) vya kivinjari msimpe mtu yeyote, hata mimi, kwa maana mwenye nayo anaweza kuingia katika akaunti yenu bila kuulizwa nywila.