Kigoda kilichotakiwa maabara

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na nyumbani kwetu Langoni, hapa Lamu, hiyo ilitosha kunifanya mkalimani wa kila karatasi yenye Kiingereza. Siku moja khalati, dada yake mama, alirudi kutoka kwa daktari, tumbo limemsumbua wiki nzima, akanitupia fomu ya maabara na kukaa juu ya mbuzi amalizie kukuna nazi. Fomu imeandikwa "stool for culture and sensitivity". Sikusita hata kidogo: wanataka kigoda, mambo ya utamaduni, na hisia.

Khalati akaacha kukuna. "Kigoda wakitakia nini? Au ni hii mbuzi yangu?"

Kumbe "stool" ni choo kikubwa, "culture" ni kuotesha vijidudu maabara mpaka vionekane, na "sensitivity" ni kujaribu dawa ipi itaviua. Hakuna hata neno moja hapo ambalo sikulijua, na ndiyo maana nikaumbuka.

Ukianza kujifunza Kiingereza cha sayansi na tiba watu watakutisha kwa maneno marefu. Mimi nakwambia ogopa mafupi. Neno refu utalitafuta kwa sababu unaona wazi hulijui. Lakini nani anafungua kamusi kutafuta "theatre"? Ukiambiwa mgonjwa amepelekwa huko, hakwenda kutazama mchezo, anapasuliwa. "Discharge" ndiyo balaa zaidi: kwenye karatasi moja linaweza kuwa usaha unaotoka sikioni, na chini yake likawa ruhusa ya kwenda nyumbani.

"Acute" lilinichukua miezi. Nilidhani ni "kali" basi, na kamusi ya simu ilikubaliana nami. Daktari akiliandika, kwanza anasema habari ya muda: ugonjwa umeanza ghafla. Mwenzake ni "chronic", uliokaa, tunaouita sugu. Mafua ya juzi ni "acute", kisukari cha babu ni "chronic". Siku hizi nikifungua kamusi sichukui maana ya kwanza. Nashuka mpaka nione ile yenye alama ya tiba.

Sasa hayo marefu. Nilijaribu kuyakariri kwa orodha, maneno hamsini kwa wiki, na Ijumaa yalikuwa yameshaondoka yote. Kilichosaidia ni kulitafutia kila neno ndoana ya kulitundika, na ndoana nyingi nilizikuta nyumbani. Chukua "hypo" na "hyper". Ni herufi mbili tu zinazotofautiana, na kuchanganya ni hatari. Lakini tamka "hypo" kwa Kiingereza, halafu sikiliza kwa sikio la Kiswahili: haipo! "Hypoglycaemia", sukari haipo, yaani imeshuka mno. "Hyper" nayo inasikika haipa, nami nikaiunga na kupaa: "hypertension", presha imepaa. Wataalamu wa Kigiriki watanuna, wacha wanune.

Mkia wa "itis" ni uvimbe unaouma: "hepatitis" wa ini, "gastritis" wa mfuko wa chakula, "arthritis" wa viungo. Huo hauhitaji maelezo zaidi.

Ukiwa umepita chuo cha Kurani ukasoma Kiarabu kidogo, una mtaji usioujua. "Syrup" ya kikohozi ilitoka kwenye sharab, ikapitia Kilatini hadi Kiingereza, na sharubati yetu ni ya mzizi huo huo. "Alkali" ni al-qali, jivu la mimea. Na "alcohol", usicheke, chanzo chake ni al-kuhl, ule unga wa wanja wa macho. Nilipomweleza khalati alinitazama muda mrefu, kisha akaenda kujitazama kwenye kioo.

Wengine watakwambia maneno ya tiba yote ni ya Wazungu. Mwaka 2004 Lamu ilipigwa na homa iliyotupinda migongo na magoti, na vipimo vya damu vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba yapata robo tatu ya wakaazi waliambukizwa. Nilikuwa mtoto, na nakumbuka baba akishuka ngazi kwa makalio kwa sababu magoti yalikataa. Jina la homa hiyo, "chikungunya", ni la Kimakonde, kutoka kusini mwa Tanzania ugonjwa huo ulipotambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na maana yake ni kile kinachompinda mtu. Leo madaktari duniani kote wanaliandika hivyo hivyo.

Kitabu cha kujifunzia usinunue kwanza. Kila boksi la dawa lina kikaratasi kilichokunjwa ndani, ambacho sisi hukitupa. Kifungue, chagua maneno matano, yaandike kwenye daftari pamoja na sentensi nzima yalimokaa, halafu yatamke kwa sauti. Neno lisilo na sentensi halidumu, mimi nimelithibitisha hilo kwa daftari mbili zilizopotea bure. Na ukishaelewa kikaratasi, usijigeuze daktari wa mtaa. Mimi pia si daktari.

Wiki hii nimekwama kwenye "ileum" na "ilium". Moja ni sehemu ya utumbo mwembamba, nyingine ni mfupa wa nyonga, yanatamkwa sawasawa, na herufi moja tu ndiyo inayoyatenganisha. Bado sijapata ndoana. Mwenye nayo anigawie.