Maswali na majibu: kubadilisha vipuri kwenye Subaru za zamani

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wasomaji wa hapa Lubumbashi, Kongo, wenye Subaru za miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000, nami nimeziweka pamoja kwa sababu zinagusa jambo moja. Tangu Legacy ya kwanza ilipotoka mwaka 1989 na injini ya jamii ya EJ, ikafuatwa na Impreza mwaka 1992 na Forester mwaka 1997, kampuni ilishikilia mpangilio uleule kwa muda mrefu: injini iliyolala, silinda mbili kila upande, giaboksi nyuma yake, na propela shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo kipuri cha gari moja mara nyingi huingia kwenye jingine bila kupigwa nyundo, na wauzaji wa vipuri vilivyotumika hulitangaza jambo hilo kama sifa. Ni sifa kweli. Lakini kipuri kuingia mahali pake ni jambo moja, na kufanya kazi pamoja na vipuri wenzake ni jambo jingine, na hasara nyingi ninazoandikiwa zimetokana na kudhani kwamba la kwanza linatosha.

Forester yangu ya mwaka 2000 ina injini ya lita 2.5. Nikiwa safarini kwenda Likasi joto hupanda, na maji hufurika kwenye chupa ya akiba. Fundi mmoja anataka kutoa themostati (vali inayozuia maji mpaka injini ipate joto). Mwingine anasema joint ya culasse (gasketi ya silinda hedi) imekufa na ninunue injini ya EJ20, ya lita 2.0, iliyotoka Japani. Nimsikilize nani? (Baba wa familia, Katuba)

Wa kwanza usimsikilize, Baba. Kutoa themostati kutaifanya injini ikawie kupata joto lake, inywe mafuta zaidi na kuchakaa haraka, na chanzo cha tatizo kitabaki palepale. Kabla ya kununua chochote, fanya kipimo hiki: injini ikiwa imepoa kabisa, hakikisha rejeta imejaa, washa, iache ipate joto lake la kazi, kisha mtu akanyage mafuta taratibu huku wewe ukitazama ule mpira mdogo unaoingia kwenye chupa ya akiba. Viputo vikitoka mfululizo bila kukoma, gesi ya mwako inapenya gasketi na kuingia kwenye maji, na fundi wako wa pili amesema kweli. Injini za EJ25 (za lita 2.5 kama yako) za zamani zenye kemshafti, yaani shafti za kufungulia vali, mbili kila upande zinajulikana kwa kuvuja hivyo kwa ndani, ilhali zile zilizofuata zenye kemshafti moja kila upande huvuja zaidi kwa nje, na mwenye gari huanza kuona unyevu wa oili au maji chini ya silinda hedi. Tena kumbuka kwamba Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ambako maji matupu yasiyo na mgandamizo huchemka karibu na nyuzi 96, si 100. Kifuniko cha rejeta kilicholegea kinaweza kuichemsha hata injini isiyo na ubovu, basi kibadilishe kwanza, kwa kuwa bei yake ni ndogo.

Gasketi ikithibitika kuwa imekufa, una njia mbili. Ya kwanza ni kutengeneza injini uliyo nayo, na mimi naipendelea ikiwa haijawahi kuchemka hadi kuzimika. Silinda hedi zote mbili zitolewe, zisawazishwe kwenye mashine hata kama ni moja tu iliyovuja, na ziwekwe gasketi za chuma zenye tabaka kadhaa badala ya zile za awali. Fundi atakayekuambia abadilishe upande mmoja ili kupunguza gharama anakuandalia safari ya pili.

Njia ya pili ni EJ20. Inawezekana, na wengi wanaifanya, ila isikilize kwa makini orodha ya vitu vinavyokwenda pamoja nayo. Kompyuta ya injini husoma meno ya puli za krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na kemshafti kupitia sensa, na mpangilio wa meno hayo haukuwa mmoja kwa miaka yote. Injini ya mwaka mwingine inaweza kuzunguka vizuri kabisa na isiwake kamwe, kwa sababu kompyuta haielewi inachosomewa. Kwa hiyo ama ununue injini pamoja na kompyuta yake na nyaya zake, ama uhakikishe kwamba puli zinalingana na zako kabla ya kulipa. Pale dukani omba plagi zitolewe, kisha zungusha krenki kwa mkono ukitumia soketi ya milimita 22: izunguke kwa uzito ulio sawa, bila kukwama mahali. Chungulia matundu ya maji, na ukikuta kutu nene ya rangi ya matofali, ondoka. Injini ikiwa bado sakafuni weka mkanda mpya wa taimingi, roli zake na pampu ya maji, kwa kuwa hujui mkanda uliopo umekwenda kilomita ngapi na kipindi chake ni kilomita 100,000 hivi. Mkanda ukikatika kwenye injini nyingi za jamii hii, vali hugonga pistoni. Nyuma ya injini kuna kifuniko kidogo cha kutenganisha oili, ambacho kwa nyingi ni cha plastiki na huvuja. Weka cha chuma wakati huo huo, maana ukishaunganisha giaboksi hukifikii tena.

Gari lako likiwa la otomatiki, simama mwenyewe pale wanapounganisha. Konveta ya giaboksi, kile chombo cha oili kinachopokea nguvu kutoka kwenye injini, ni lazima iingie hadi mwisho kabla injini haijasogezwa: fundi huisukuma huku akiizungusha, nayo hutumbukia kwa hatua, kila hatua ukiisikia. Injini ikivutwa kwa boliti kabla ya hatua ya mwisho, pampu ya oili ya giaboksi huvunjika hapo hapo, na mtu aliyekuja kubadilisha injini huondoka akidaiwa giaboksi. Mwishoni, maji yajazwe polepole kupitia mpira wa juu wa injini kwanza, kisha rejeta, skrubu ya kutolea hewa ikiwa wazi. Injini iliyolala hushika hewa kwa urahisi, na hewa hiyo huleta joto lilelile ulilokuwa unalikimbia.

Nilibadilisha giaboksi ya otomatiki ya Legacy BH5 (wagon ya kizazi cha tatu). Barabarani inakwenda vizuri, lakini nikikata kona kali sokoni gari linashikwa kana kwamba breki imekamata, na kuna harufu ya kuungua chini. Muuzaji anakataa kwamba giaboksi ni mbovu. (Msomaji wa Bel-Air)

Huenda muuzaji hasemi uongo. Difu ni gia zinazogawia nguvu gurudumu la kushoto na la kulia. Difu ya mbele ya Subaru imo ndani ya giaboksi, na difu ya nyuma iko peke yake kule nyuma, na zote mbili ni lazima ziwe na uwiano mmoja wa meno. Giaboksi za jamii hii zilitoka na uwiano tofauti kulingana na gari: 3.9, 4.11, 4.44 na mwingineo. Ukiweka giaboksi ya 4.44 na kuiacha difu ya nyuma ya 4.11, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka kwenda kwa mwendo tofauti kila mita unayosafiri, na sahani za klachi ya kugawia nguvu ndizo zinazosuguana kuulipia ugomvi huo. Harufu unayoisikia ni yao. Acha kuliendesha kwa sasa.

Difu ya nyuma unaweza kuipima bila kufungua kitu. Weka gia huru, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na kuegemeza gari kwenye stendi, jingine libaki chini. Chora alama ya chaki kwenye propela shafti na nyingine kwenye tairi. Zungusha tairi lililo juu mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya shafti. Ikizunguka mara 4 na chembe ndogo tu, ni 4.11; ikikaribia mara 4 na nusu, ni 4.44. Kisha linganisha na namba ya giaboksi uliyonunua, iliyo kwenye kibandiko juu ya kasha lake, na namba ya ile ya zamani, iliyoandikwa kwenye bamba la chuma ndani ya boneti.

Zikipishana, tafuta difu ya nyuma inayolingana na giaboksi mpya, na ni vyema uitoe kwenye gari lilelile giaboksi ilikotoka. Zikilingana, angalia matairi, kwani tairi moja jipya kati ya matatu yaliyolika huleta ugomvi wa namna ileile kwa kiasi kidogo. Baada ya hapo ndipo tuishuku giaboksi yenyewe. Otomatiki nyingi za gia nne zina nafasi ya fyuzi iliyoandikwa FWD (yaani kuvuta kwa magurudumu ya mbele tu) ndani ya boneti. Ukichomeka fyuzi pale, nguvu ya nyuma hukatwa na taa ya FWD huwaka kwenye dashibodi. Gari likiendelea kushikwa hata hivyo, vali au sahani za klachi zimekwama na muuzaji ana deni kwako. Nafasi hiyo ni ya kupimia, si dawa ya kudumu, ingawa nimeona magari yanayoishi nayo mwaka mzima.

Nimepata rimu za Toyota zenye matundu matano, za bei nzuri. Zitaingia kwenye Impreza? (Kijana wa Kamalondo)

Nafasi ya matundu inaweza kuwa ileile, yaani 5 kwa milimita 100, na hapo ndipo wengi huponzwa. Tundu la katikati la rimu hizo za Toyota ni milimita 54.1, na kitovu cha Subaru ni 56.1, kwa hiyo rimu haikai mpaka tundu likerezwe na fundi wa mashine mwenye vipimo. Hatari kubwa zaidi ni nati. Stadi za Subaru, zile boliti za kitovu, ni za milimita 12 zenye nyuzi zilizopishana milimita 1.25, na za Toyota ni milimita 12 zenye nyuzi zilizopishana milimita 1.5. Nati ya Toyota huanza kuingia kwenye stadi ya Subaru, hukaza, mwenye gari huridhika, kumbe nyuzi zimekwisha kuliwa. Gurudumu lililofungwa hivyo linaweza kuchomoka barabarani. Nati za Subaru pekee, tafadhali.

Injini yangu ya EJ20 haina turbo. Je, naweza kununua turbo ya Impreza WRX na kuifunga? (Mwanafunzi, commune ya Kenya, hapa mjini)

Kufunga, ndiyo, kudumu, hapana. Injini isiyo na turbo imetengenezwa kwa mgandamizo mkubwa zaidi ndani ya silinda, na ukiuongezea hewa ya turbo bila pistoni, pampu ya mafuta, injekta na kompyuta inayofaa, petroli hulipuka kabla ya wakati wake na pistoni huvunjika kwenye kingo za ringi. Ukiitaka nguvu hiyo, uza ulilo nalo, ununue gari lililotoka nayo kiwandani pamoja na breki zake.

Naendesha Impreza wagon ya mwaka 1998 kwenye njia ya Kipushi, na tumbo la gari linagonga kila mara. Nimeambiwa niweke vipande vya chuma juu ya springi. (Mama mfanyabiashara, Ruashi)

Mama, kuna njia safi zaidi. Shokabzoba na springi za Forester ya kwanza hufungika kwenye Impreza ya kizazi chako, nazo huinua gari kwa sentimita chache bila kuchomelea kitu. Chukua seti nzima ya magurudumu manne, shokabzoba pamoja na springi zake, kwa kuwa springi ya gari moja kwenye shokabzoba ya jingine huliacha limeinama. Ukiuziwa za Forester ya kizazi cha pili, uliza kama za nyuma ni zile zinazojirekebisha zenyewe kulingana na mzigo. Hizo zikichoka hulala, na kuzibadilisha kwa za kawaida kunadai springi za kawaida pia.

Baada ya kuinua, gari lipimwe mwelekeo wa magurudumu siku hiyo hiyo, la sivyo matairi yataliwa upande mmoja. Tazama pia mipira ya shafti za mbele: ekseli sasa zinafanya kazi kwa pembe kali zaidi, na mpira uliopasuka wakati wa vumbi la kiangazi humaliza kiungo upesi. Usiinue zaidi ya hapo.

Nataka kuhamisha usukani wa Legacy kutoka kulia kwenda kushoto. Gereji moja imeniambia siku tatu zinatosha. (Msomaji wa Kampemba)

Kazi hii inadai gari zima la kutolea vipuri lenye usukani wa kushoto, la kizazi kilekile: sanduku la usukani, pedali, silinda kuu ya breki na sevo yake (kisaidizi cha breki), dashibodi, nyaya za ndani, mkono wa waipa. Ukipendekezewa kuunganisha usukani mpya na sanduku la zamani kwa mnyororo au kwa vipande vilivyochomelewa, kataa. Usukani ni mahali ambapo uchomeleaji wa mtaani hauna nafasi. Na kama Legacy yako ni ile yenye turbo mbili, iache kama ilivyo, kwa sababu ilitengenezwa ikiwa na usukani wa kulia pekee, na turbo ya upande wa kushoto imekaa palepale ambapo fimbo ya usukani ingepita.

Iwe utahamisha au hutahamisha, badilisha taa za mbele. Taa za Japani zimeundwa kwa nchi inayoendesha kushoto, na mwanga wake wa chini hupanda upande wa kushoto ili kuonyesha ukingo wa barabara. Kwetu tunaendesha kulia, na upande wa kushoto ndiko anakotokea mwenzako, kwa hiyo unampiga machoni kila usiku hata ukiwa umeshusha taa. Egesha gari mita chache mbele ya ukuta baada ya jua kuzama, washa mwanga wa chini, utaona mstari unavyopanda kushoto. Tafuta jozi za gari lililouzwa Marekani au nchi za Ulaya zinazoendesha kulia, zifunge, kisha rudi kwenye ukuta uleule na urekebishe kimo chake kabla ya kuingia barabarani.