Vitamini tulizokuwa tukizimwaga na maji ya mchicha

Kwa miaka mingi nilipika mchicha kama nilivyomwona mama akiupika: naukatakata, nauosha maji matatu, nauchemsha mpaka ulegee, kisha naukamua na kumwaga yale maji ya kijani kabla ya kuuunga kwa kitunguu na nyanya. Siku niliyokwenda zahanati kulalamikia uchovu, mkobani nikiwa na kopo la vidonge vya vitamini nililonunua duka la dawa, muuguzi aliyenipokea hakujali sana vidonge vyangu. Aliniuliza mchicha naupikaje.

Vitamini C na zile za kundi B, ikiwamo folati, huyeyuka katika maji, na vitamini C huharibiwa pia na moto na hewa jani likishakatwa. Mboga iliyokatwa kabla ya kuoshwa, ikachemshwa na kukamuliwa, hufika mezani na rangi yake, ilhali sehemu kubwa ya vitamini hizo imekwishapita kwenye karo. Siku hizi naosha majani yakiwa mazima na kuyakata dakika ya mwisho. Kitunguu na nyanya hutangulia, mchicha hufuata bila kuongezwa maji, nafunika sufuria kwa dakika 5 hivi, naepua. Mama mkwe alisema ninawalisha watu majani mabichi, na nakiri kwamba wiki ya kwanza hata mimi niliona hivyo. Kisamvu sikiingizi katika shauri hili, kwa kuwa majani ya muhogo yana sumu ya sianidi na ni lazima yatwangwe na kuchemshwa sawasawa.

Vitamini A ina tabia nyingine. Majani ya kijani, karoti na viazi lishe vya rangi ya chungwa vina karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini karotini hiyo haifyonzwi vizuri pasipo mafuta, na kwa hiyo aliyeamua kupika matembele chukuchuku kwa kuogopa kunenepa anajipunja. Tui la nazi au kijiko cha mafuta kinatosha.

Katika unga, nimerudi kwenye dona, kwa sababu sembe hukobolewa na pumba na kiini huondoka na sehemu kubwa ya vitamini B. Maharage tunayala na pera au kachumbari yenye ndimu, maana vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika nafaka na kunde. Chai ya rangi, ambayo huyazuia, tunainywa saa moja baadaye.

Lile kopo nililiacha, kwani vitamini A na D zikizidi hulimbikizwa mwilini na zinaweza kudhuru. Hata hivyo mjamzito asinisikilize vibaya akaacha vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki (folati ya vidonge) anavyopewa kliniki, akidhani mchicha utatosha. Asidi ya foliki hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro za uti wa mgongo, na kwa kuwa sehemu hiyo hujiunda katika wiki 4 za mwanzo, mara nyingi kabla mama hajajua kama ni mjamzito, anayepanga kushika mimba aviulizie mapema.