Remdesiviri: Kwa Nini Miongozo Ilipingana?

SWALI: Shikamoo Daktari. Ninasomea uuguzi hapa Dar es Salaam, na tumepewa kazi ya kulinganisha miongozo ya matibabu ya UVIKO-19. Mwishoni mwa mwaka 2020 mwongozo wa Marekani ulipendekeza remdesiviri, dawa ya kupambana na virusi, kwa wagonjwa waliolazwa na kuhitaji oksijeni, ilhali Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri isitumike. Nani alikuwa sahihi?
Mwanafunzi, Temeke

JIBU: Marahaba. Kabla ya kutafuta mshindi, angalia kila upande ulitaka dawa ifanye nini. Wamarekani walitegemea zaidi utafiti wa wagonjwa 1,062, ambao ulionyesha kuwa waliopewa remdesiviri walipata nafuu kwa wastani wa siku 10, na wasiopewa siku 15. WHO, kwa upande wake, ilizingatia pia utafiti wake mkubwa wa Solidarity, uliofanyika katika nchi 30, ambao kipimo chake kikuu kilikuwa vifo, na haukuona kuwa dawa hiyo inavipunguza. Kuwahi kutoka hospitalini na kunusurika kifo ni mambo mawili, hivyo matokeo hayo hayapingani kama yanavyoonekana kwa haraka.

Kulikuwa pia na suala la gharama, ambalo wanafunzi wengi hulipita. Dawa hiyo hutolewa kwa dripu, na mwaka 2020 bei iliyotangazwa kwa serikali za nchi tajiri ilikuwa dola 2,340 kwa matibabu ya siku tano. WHO huandikia hata nchi ambazo oksijeni yenyewe ni ya kutafuta, na kwa maoni yangu ilikuwa na haki ya kudai ushahidi mzito zaidi kabla ya kuzielekeza huko. Ushauri wake wa Novemba 2020, hata hivyo, ulikuwa wa masharti, yaani uliacha nafasi ya uamuzi wa daktari. Usiuandike kana kwamba ulikuwa marufuku.

Tarehe nazo ni muhimu. Aprili 2022 WHO ilibadili msimamo na kupendekeza remdesiviri, tena kwa masharti, kwa wagonjwa wasio mahututi walio katika hatari kubwa ya kulazwa, baada ya utafiti mwingine kuonyesha kuwa ikitolewa mapema kwa siku tatu hupunguza kulazwa kwa asilimia 87.

Katika jedwali lako weka pia deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini ambayo ni ya bei nafuu. Juni 2020 utafiti wa RECOVERY wa Uingereza ulionyesha kuwa miligramu 6 kwa siku zilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliohitaji oksijeni pekee. Wasiohitaji oksijeni hawakunufaika, na ndiyo maana Uingereza, Marekani na WHO, zilizokubaliana kuwapa dawa hiyo wagonjwa mahututi, zilikubaliana pia kutowapa wenye dalili nyepesi.