Intavali za 800: usiguse kasi, rekebisha mapumziko

Aliyeuliza afanye intavali gani (mbio fupi za kurudiarudia zenye mapumziko katikati) yuko Nakuru, anakimbia mita 800, yaani mizunguko miwili ya uwanja, kwa dakika 2:04, anataka 2:00, na kila Jumanne anapiga mita 400 mara kumi, kila moja kwa sekunde 68 hadi 70. Ndugu, hayo yanajenga pumzi vizuri tu, ila kasi ya mashindano haimo. 2:00 ni sekunde 15 kwa kila mita 100, na miguu isiyoizoea haitaizua siku ya mbio.

Anza na 200. Seti mbili, kila seti mara nne, kila 200 kwa sekunde 30. Katikati tembea sekunde 90. Kati ya seti, dakika 6. Jumla mita 1,600, inatosha kabisa. Baada ya wiki tatu hivi ingia 300 tano za sekunde 45, ukipumzika dakika 3. Mashindano yakikaribia: 500 kwa 75, pumzika sekunde 60, papo hapo 300 kwa 45. Kaa dakika 10, rudia mara moja. Hiyo inauma, na hakuna inayokaribia uchungu wa mzunguko wa pili wa mbio kuliko hiyo.

Wengi huharibu kwenye 200 ya kwanza. Miguu bado mibichi, wenzako wanatazama, unaipiga 27. Misuli inajaa asidi mapema, ya sita inatoka 33, na asubuhi nzima hujagusa 30 hata mara moja. Anza kukimbia mita 10 nyuma ya mstari ili ufike ukiwa na kasi, na mwenzako asimame mita 100 na saa akuitie muda. Ukisikia 14, legeza hapo hapo. Ukizidi 31 mara mbili mfululizo, vaa suruali uende nyumbani.

Mkenya David Rudisha alipoweka rekodi ya dunia ya 800, 1:40.91, London mwaka 2012, mzunguko wa kwanza ulikuwa 49.28, wa pili 51.63. Kwa hiyo 2:00 yako ipange 59 na 61. Seti ya kwanza ya 200 unaweza kuiendesha kwa 29.5.

Uwanja wa udongo nao una hila zake. Njia ya kwanza ikichimbika watu huhamia ya pili, na ukishika njia ya pili kutoka mstari uleule unaongeza karibu mita 7 kwa mzunguko, yaani nusu sekunde kwenye 200 yenye kona moja. Murramu ikilowa, sahau saa kabisa.

Nakuru iko juu, kama mita 1,850, pumzi inachelewa kurudi. Usipunguze kasi, ongeza sekunde 30 za mapumziko. Ukishuka Kisumu, mita 1,130 hivi, ziondoe sekunde hizo, ila uwe umemaliza kabla ya saa mbili asubuhi maana joto la kule halina mzaha.

Kesho yake kimbia polepole dakika 40 kwenye nyasi. Kasi hii irudi baada ya siku tatu, na wiki ya mashindano ni 300 mbili tu, siku nne kabla.